Mgane

Neno hili nimelifundisha miaka kumi na tisa,
darasa la saba, ubaoni, kwa chaki:
mjane, aliyefiwa na mume;
mgane, aliyefiwa na mke.
Watoto walilinakili wakasonga mbele.
Nami nilisonga mbele.
Halikuwahi kuja kwenye mtihani.

Sasa kila Jumanne, saa kumi na nusu, nikitoka shuleni,
napanda ngazi za jengo moja Ngara,
nyuma ya maduka ya cherehani,
ghorofa ya tatu, mlango wa buluu.
Nikipishana na mtu ngazini
nashika shavu, kama aliyekuja kung'olewa jino.

Bi. Kwamboka hana dawa wala daftari.
Ana viti viwili, hita ndogo kwa ajili ya Julai,
na boksi la tishu aliloliweka
karibu nami kuliko yeye.
Siku ya kwanza nililisogeza kwake.
Siku ya pili pia.

Nilikuwa nimeyazoea maneno ya matangani:
jikaze, wewe ni mwanamume;
kazi ya Mungu haina makosa;
baba mkwe akanishika bega, "Una watoto, usilegee."
Nikajikaza. Nikakaza hata koo.
Wiki ya mazishi nilisahihisha insha arobaini na tatu
na sikumbuki hata moja.

Yeye aliuliza tu:
"Syombua alikunywaje chai?"
Nikasema, anatia tangawizi mpaka inawasha,
anaimimina kwenye sosa, anapuliza,
ana...
Nikajisahihisha. Alitia. Aliimimina.
Mwalimu mzima wa Kiswahili nimekwama kwenye silabi moja,
kati ya *na* na *li*,
na hakuna wa kunipigia mstari mwekundu
nijue nimekosea wapi.
"Usifute," akasema. "Yaache yote mawili."

Hapo ndipo boksi lilipofunguliwa.
Sitaeleza zaidi.

Sijapona, nisidanganye.
Bado napika ugali wa watu wanne;
unaobaki unalala kiporo,
asubuhi Mumo anaula na chai bila kusema neno.
Nguo ziko kabatini. Dada yake amepiga simu mara mbili
akiuliza tutazigawa lini,
nami nasema mtandao ni mbaya.
Na kuna Jumanne nyingine naketi saa nzima
nikilalamikia karo, na mwalimu mkuu,
na mfereji wa jikoni unaodondoka usiku kucha,
naye Bi. Kwamboka ananiacha nidondoke nao.

Juzi alinipa kazi ya ziada. Mimi!
Mwandikie mkeo barua.
Nikaandika anwani ya Umoja, juu kulia, kama ninavyofundisha,
tarehe chini yake,
*Kwa mpenzi Syombua,*
na baada ya hapo, kwa kanuni za barua ya kirafiki,
huja kujuliana hali.
*U hali gani?*
Nikaifuta.
Nikaiandika tena.
Mpaka sasa barua imefika hapo.

Jana usiku stima ikakatika, tokeni zimeisha.
Ujumbe bado huingia kwenye simu yake;
ndiyo sababu naichaji, nimewaambia watoto.
Tarakimu ishirini. Zamani alisoma yeye, nne nne,
mimi juu ya stuli nikibonyeza,
nikikosea ananicheka gizani.
Nilisoma mwenyewe, nikabonyeza mwenyewe, nikakosea.
Nikangoja kicheko.
Nikarudia, nikakosea palepale,
kwenye saba ya tatu.

Mumo akaja akiburura ndara,
akaitoa simu ya mamake mkononi mwangu.
"Bonyeza, baba. Nasoma mimi."
Akasoma haraka mno,
kama anavyosoma mamake.

Taa ikawaka.
Vyombo vilikuwa havijaoshwa tangu Jumapili.